Maji Ndani ya Piano

Kengele ya mlangoni ililia mara moja tu, fupi, na Walburga Stadlmann akajua ni yeye. Fundi Severin Grandits hakuwa mtu wa kubonyeza kengele za watu mara mbili. Walburga alikuwa tayari amesimama nyuma ya mlango kwa muda, nywele zimechanwa, gauni la bluu limepigwa pasi, lakini hakufungua papo hapo. Alirudi nyuma hatua kadhaa ukumbini, kisha akaja tena kwa vishindo, ili ionekane alikuwa mbali na shughuli zake.

"Bwana Grandits! Karibu. Theluji haikukuzuia?"

"Theluji na mimi tunafahamiana, Bi Walburga." Alikung'uta viatu, akavua kofia. Pua ilikuwa nyekundu kwa baridi, na macho yake ya kahawia yalimtazama Walburga kwa muda ambao ulizidi kidogo ule wa salamu, kisha yakakimbilia sakafuni. "Piano inasumbua tena?"

"Tena," alisema Walburga, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Tangu hita ziwashwe vuli ile, hii ilikuwa mara ya nne. Kwa kawaida piano ya watu wanaojitunza husawazishwa sauti mara mbili kwa mwaka: mara moja baada ya nyumba kuanza kupashwa moto, na mara moja majira ya maua, hita zikishazimwa na mbao kutulia. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Josefstadt, Vienna, miaka yote ambayo Walburga aliwafundisha watoto wa watu kupiga piano hapo sebuleni. Mara mbili kwa mwaka Bwana Grandits alikuja, mara mbili kwa mwaka Walburga alivaa gauni la bluu. Mwaka huu gauni lilikuwa halipumziki.

Waliingia sebuleni. Kwa desturi, fundi akija, mama yake Walburga alijitoa, akaenda chumbani na ufumaji wake. Leo alikuwa amekaa kitini wima, sindano mkononi, kama hakimu anayesubiri washtakiwa.

"Mchana mwema, Bi Mshauri," alisema Severin na kuinama.

Bi Hermine Stadlmann aliitwa Bi Mshauri kwa sababu marehemu mumewe alikuwa Mshauri wa Serikali, na Vienna cheo cha mume humvaa mke hata mume akishazikwa. Hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo, si muuza mikate, si padri.

"Mchana mwema," alijibu bila kuinua macho. "Leo sitoki. Nataka kuiona hii kazi inavyofanyika."

Walburga hakulitarajia hilo. Alijishughulisha haraka na yale yaliyokuwa kazi yake siku za fundi: akaisimamisha saa ya ukutani isipige kelele, akakifunika kizimba cha chiriku wao kwa kitambaa, akafunga mlango wa jikoni. Severin alifungua kifuniko cha juu, akatoa ufunguo wake wa kukazia nyuzi, akagonga gotini uma wa sauti, kile chuma cha kupimia sauti sahihi, na kuuweka karibu na sikio. Kisha akabonyeza kibao kimoja cha katikati, akasikiliza. Akabonyeza kingine. Uso wake ukabadilika.

"Ajabu," alisema.

"Ajabu gani?" Bi Hermine aliuliza.

"Mara iliyopita nilizikuta sauti zimeshuka, nikazipandisha. Leo nazikuta zimepanda. Mara mbili za kabla ya hapo vilevile, chini, halafu juu." Alipiga magoti, akaondoa ubao wa chini. Humo ndani, pembeni mwa pedali, ilikaa chupa ya jamu iliyojaa maji, na sifongo imening'inia mdomoni. Kila nyumba yenye piano na hita huwa na chupa kama hiyo, maana joto kavu ni adui wa mbao. "Maji yapo. Yamejaa pomoni. Hita nayo iko mbali. Sasa piano hii inaugua nini? Ina homa ya vipindi. Leo jasho, kesho kutetemeka. Kwa kweli sielewi, haina namna."

"Haina namna?" Bi Hermine aliweka ufumaji mapajani. "Au fundi ndiye hana namna?"

"Mama!"

"Nyamaza, Burgi," alimkatiza binti yake kwa jina la utotoni, "nazungumza. Bwana Grandits, marehemu mume wangu alikuwa akisema fundi mzuri haonekani mara kwa mara. Wewe siku hizi nakuona zaidi kuliko ninavyomwona padri, na kanisani nakwenda kila asubuhi. Unakuja, unagonga-gonga, unaondoka, wiki mbili tu sauti imeharibika. Mimi si mtoto. Ama mkono umekuchoka, ama unafanya makusudi uitwe tena."

Severin alibaki amepiga magoti. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja.

"Bi Mshauri, sijawahi kufanya hivyo kwenye nyumba ya mtu yeyote."

"Hayo nimemwachia Bi Nechwatal ayapime mwenyewe."

"Bi Nechwatal?" alisema polepole. "Bi Nechwatal wa kwaya?"

"Aliniuliza kuhusu kazi yako nikamwambia ninachokiona. Kwamba haishiki."

 Walburga alikuwa anamfahamu Bi Ottilie Nechwatal, kila mtu alimfahamu. Neno likiingia sikioni mwake Jumatatu, Jumatano limekwisha kunywa kahawa katika kila nyumba yenye piano kuanzia Josefstadt hadi Hernals.

"Ndiyo maana," Severin alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Aliniletea ujumbe nisiende tena. Halafu masista wa shule nao wakaahirisha. Halafu yule daktari wa macho. Nilidhani ni baridi tu." Aliinuka, akafuta magoti. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomuumiza Walburga. "Una haki ya kuwa na fundi unayemwamini, Bi Mshauri. Nitaimaliza kazi ya leo vizuri. Kisha nitawapa jina la mzee mmoja wa Hernals, ana mkono mzuri sana. Mimi sitakuja tena."

Sitakuja tena. Walburga aliyasikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Akamtazama Severin akipanga vifaa vyake, zile kabari ndogo za sufu za kuzibia nyuzi, ule ufunguo wenye mpini uliong'aa kwa kushikwa na kiganja kilekile miaka yote. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza siri yake itabaki salama, gauni la bluu litarudi kabatini, na mwanamume huyu atashuka ngazi zile akiwa amepoteza jina lake kwa kosa ambalo si lake. Akisema, atajivua nguo mbele ya mama yake na mbele ya huyu mwanamume. Lipi afadhali? Kwa kweli hapakuwa na la afadhali. Palikuwa na la haki tu.

"Mama, si yeye," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayemwaga maji ya chupa. Asubuhi, ukienda kanisani. Nayamwaga, halafu nafungulia hita mpaka mwisho, na kiti naweka pembeni ili joto liifikie piano vizuri."

Mdomo wa Bi Hermine ulifunguka. Lakini kilichotoka humo hakikuwa kile alichokitarajia binti yake.

"Unayamwaga WEWE? Mimi nikadhani hita inayanywa! Kila mchana ukitoka kwenda kufundisha shuleni naikuta chupa kavu, najaza!"

"Ndiyo maana huwa naikuta imejaa! Nilidhani ni Jarmila akija kufanya usafi!"

"Jarmila hajui hata kama piano ina tumbo! Na ile hita, kila siku naikuta inachemka, naizima na kufungua dirisha!"

"Dirisha? Mama, theluji hii, dirisha?"

"Nilikuwa nasikia joto!"

Waligeuka wote wawili kumtazama Severin. Alikuwa ameshika ukingo wa piano, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika.

"Mungu wangu, analia," alinong'ona Bi Hermine.

Hakuwa analia. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia nyuzi kikamwachia mstari mweusi shavuni. "Asubuhi jangwani, mchana ziwani," alisema. "Ningejuaje mimi? Nimelala macho nikiifikiria piano hii! Nimefungua vitabu vya ufundi!"

Kisha kicheko kikamwisha ghafla, na alipomgeukia Walburga uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Unajua ungefanya nini, Bi Walburga? Njoo. Lete mkono." Alimvuta, akamwinamisha nyuma ya piano, akaweka vidole vya Walburga juu ya ubao mpana unaobeba sauti yote. "Mti huu ulikatwa kabla babu yako hajaoa. Umevumilia vita, umevumilia makaa, umevumilia wanafunzi. Ukiukausha na kuulowesha namna hii, siku moja usiku unasikia mlio mmoja tu, ta! Umepasuka. Hapo usiniite mimi wala mzee wa Hernals, mwite muuza kuni."

"Najua."

"Unajua! Mtu anayejua anafanya hivyo? Mwalimu wa piano! Piano ya baba yako!"

"Najua, nimekwambia!" Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu kutoka vuli mpaka majira ya maua ni mbali, Severin."

Hakuwa amewahi kumwita jina lake. Lilitoka lenyewe, likasimama katikati ya sebule, na kila mmoja mle ndani alilisikia.

"Burgi," Bi Hermine alisema kwa sauti ya onyo. "Hapo hapo, ishia hapo."

"Nimeishia hapo miaka minane, Mama. Leo niache." Alijifuta uso kwa kiganja. "Baba alipofariki sikuigusa piano hii. Mama anakumbuka. Kiangazi chote. Wanafunzi niliwafundisha kwa mdomo, vidole vyangu nimevificha mifukoni. Halafu vuli ikaja, na wewe ukaja siku yako ile ile, hakuna aliyekuita, hukujua hata kama tuna msiba. Mama alikufungulia akakwambia hakuna muziki tena nyumba hii. Ukasema, basi Bi Mshauri, angalau isikae na maumivu. Ukafanya kazi mchana mzima. Ukamaliza, ukakaa sakafuni, umeegemeza mgongo kwenye piano, ukaniambia, 'Piga kidogo, nisikilize kama nimekosea.' Nikapiga. Kwa ajili ya kukusaidia wewe kazi yako, nilidhani. Mpaka wewe unashuka ngazi ndipo nikatambua nimepiga saa nzima, na kwamba nimelia, na kwamba naweza kuishi. Sikukushukuru siku ile. Nikasema nitamshukuru akija tena. Ukija nakuandalia asante yangu, unamaliza kazi, unavaa koti, asante inabaki na mimi mlangoni. Mwaka huu nikashindwa kuisubiri. Ndiyo hivyo. Nimekuharibia jina na nimeitesa piano. Nisamehe. Na asante. Zote mbili umechelewa kuzipata."

 Severin aliuzungusha ufunguo wake kiganjani.

"Ungeniita tu," alisema mwishowe. "Ungesema njoo tunywe kahawa."

"Fundi anaitwa kwa kahawa?"

"Mimi ningekuja. Ningekuja kwa maji ya bomba." Alitabasamu kidogo, na ule mstari mweusi shavuni ukapinda. "Unafikiri kwa nini nyumba hii naiweka mwisho wa siku? Ili pasiwe na mtu mwingine wa kunisubiri. Na kuna uzi mmoja hapa juu, huu hapa, kila nikija naukaza, naulegeza, naukaza tena. Hauna kosa lolote. Haujawahi kuwa na kosa. Unanipa tu robo saa zaidi ya kukusikia ukitembea jikoni."

Lo! Walburga alijishika kifua kwa mikono miwili. Miaka minane ya kujipamba nyuma ya mlango, kumbe na huyu naye alikuwa na wizi wake.

"Na Dokta Wessely?" Bi Hermine alisema kwa sauti iliyopotea njia. "Dokta Wessely niliyekutafutia, akija Jumapili nimwambie nini? Mtu wa watu, ana ofisi yake, anatoka familia nzuri."

"Mama, Dokta Wessely akija anaweka kofia yake juu ya piano. Na glasi ya mvinyo pembeni ya kofia."

"Ile alama ya duara ni yake?" Bi Hermine aliruka.

"Ni yake."

 Duara lile Bi Hermine alikuwa amelisugua kwa nta majuma mawili, na Jarmila alikuwa ameshakaripiwa kwa ajili yake.

Severin aliweka ufunguo chini, akasogea mpaka mbele ya kiti cha yule mama.

"Bi Mshauri, mimi sina cheo. Baba yangu alilima mizabibu kijijini kule Burgenland, na mama yangu mpaka leo anaongea Kikroeshia na kuku wake. Binti yako simwombi leo. Nitamwomba siku nyingine, nikiwa nimevaa vizuri na sina masizi usoni. Leo naomba jina langu tu. Ndilo nililokuja nalo mjini hapa, sina jingine. Limo mdomoni mwa Bi Nechwatal, na wewe ndiye unayeweza kulitoa."

Katika maisha yake yote Bi Hermine Stadlmann hakuwahi kukiri kosa mbele ya mtu, achilia mbali mbele ya Ottilie Nechwatal, ambaye walikuwa wakishindania kiti cha mbele kanisani tangu ujana. Alimtazama fundi. Akamtazama binti yake, macho mekundu, kidevu kimeinuliwa vilevile alivyokuwa anakiinua marehemu baba yake akishakata shauri. Akaweka ufumaji mezani, akajinyanyua kwa kushika mikono ya kiti, akaenda ukumbini ilipokuwa simu.

Wakamsikia akizungusha namba. Walburga alisogea karibu na Severin bila kujua kama anasogea, na mkono wake ukajikuta ndani ya mkono wa yule mwanamume, mkavu, wenye sugu, wa moto.

"Ottilie? Hermine hapa... Mzima, mzima. Sikiliza, kuhusu fundi Grandits. Nilikosea... Nimesema nilikosea. Umesikia vizuri, sirudii tena. Kazi yake haina kasoro, ilikuwa ni mambo ya hita... Ndiyo, hita... La, si hita peke yake. Maji yalimwagwa... Na Walburga... Alikuwa anayamwaga kwa makusudi... Kwa nini?"

 Bi Hermine angeweza kusema lolote hapo. Angeweza kusema binti ni msahaulifu, ana kazi nyingi, ana maumivu ya kichwa. Walburga alifumba macho na kuukaza ule mkono.

"Kwa sababu anampenda, Ottilie. Alitaka aje... Ndiyo, fundi. Ndiyo, wa Burgenland... La, sihitaji kukaa, nimesimama vizuri. Na nikwambie jingine, usinikatize. Mume wangu alipofariki, kile kiangazi cha ukimya kilinitesa kuliko siku ya mazishi. Nilikuwa nalala naomba Mungu mtoto wangu apige hata kibao kimoja. Ni huyu kijana aliyeurudisha muziki nyumbani kwangu, na sijamwambia asante mpaka leo... Namwambia sasa hivi. Yuko sebuleni ananisikia, mlango nimeuacha wazi kwa makusudi."

 Severin akainamisha kichwa, paji lake likagusa nywele za Walburga.

"Basi mwite, na uwaambie masista nao wamwite," Bi Hermine alikuwa akiendelea kule ukumbini, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudia ukali wake wa siku zote. "Siku yoyote unayotaka. Ila Jumapili usimsumbue, Ottilie. Jumapili anakula kwetu."